Bwawa ni la mtu mmoja, walio chini ni wengi

Wandugu, mvua imerudi na mto Kanyosha unaendelea kula kingo zake. Sisi tunaopanga pembeni ya korongo, maana ndiko kodi iko chini kidogo, tunalala sikio moja likiwa nje. Ndiyo sababu leo tunataka tuongee juu ya Solai.

Solai iko Kenya, upande wa Nakuru. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, baada ya mvua nyingi, bwawa la udongo la shamba moja kubwa lilipasuka. Watu waliliita bwawa la Patel. Lilikuwa la kuweka maji ya kumwagilia. Walikufa watu 48, na ndani yao watoto wengi. Ilikuwa saa ambayo familia ziko nyumbani.

Hatusemi mabwawa ni mabaya. Kiangazi bila maji mkulima atafanya nini? Kambini tumebeba ndoo kumwagilia lengalenga, tunajua vile mgongo unauma. Lakini tuta la udongo lina tabia yake. Maji yakipita juu, yanalikata kidogo kidogo mpaka linafunguka. Ao yanapenya ndani, kwenye tundu la panya ao mzizi uliooza, na ukiona matope yanatoka chini ya tuta, kimbia kuita watu. Kwa hiyo lazima kuwe na njia pembeni ya kupitisha maji yaliyozidi, na mtu wa kulitazama kila mvua ikinyesha.

Mtu gani sasa? Kule Solai, mwezi wa 7 mwaka uleule, mwenye shamba na wengine, maofisa wa serikali wakiwemo, walifikishwa mahakamani wakakana mashtaka. Sawa, lakini hiyo ni ya baada ya mazishi. Sisi tunaomba ya kabla: mtu akizuia kijito huko juu milimani ili apate nyanya, wanaokaa chini wajulishwe, waruhusiwe kupanda kwenye tuta kuangalia, na wawe na namba ya simu ya mlinzi.

Tunajua jibu la wazee wetu: mgeni haulizi mambo ya mashamba ya watu. Wazee, tunawaheshimu, ila nyumba zetu ndizo ziko chini.

Jumamosi tunapanda kufuata mto. Shefu wa mtaa tumeshamwambia. Anayekuja avae buti.