Hisa za Teknolojia Zinaposhuka Bei: Ipi ni Fursa, Upi ni Mtego?

Siku mbili za biashara, Aprili 3 na 4, 2025, zilitosha kupunguza thamani ya kiashiria cha Nasdaq, kinachobeba kampuni nyingi kubwa za teknolojia za Marekani, kwa zaidi ya asilimia 11. Chanzo kilikuwa tangazo la Rais Donald Trump la Aprili 2 kuhusu ushuru mpya wa forodha kwa bidhaa zitokazo karibu kila nchi duniani. Aprili 9, baada ya sehemu kubwa ya ushuru huo kusitishwa kwa siku 90, kiashiria hicho kilipanda kwa takribani asilimia 12 ndani ya siku moja, na kufikia mwishoni mwa Juni kilikuwa kimevuka rekodi yake ya awali.

Mwenendo huo umeipa nguvu imani iliyoenea miongoni mwa wawekezaji wadogo, wakiwemo vijana wa Afrika Mashariki wanaofuatilia masoko ya nje kupitia simu zao, kwamba kila hisa ya teknolojia inaposhuka ni wakati wa kununua. Kwa mwaka 2025 aliyefanya hivyo mwezi Aprili alipata faida. Hata hivyo, historia ya masoko hayo haitoi kibali cha jumla kwa kanuni hiyo.

Machi 10, 2000, Nasdaq ilifunga ikiwa juu ya pointi 5,000. Oktoba 9, 2002 ilifunga kwenye pointi 1,114, anguko la takribani asilimia 78. Katikati ya safari hiyo ya kushuka kulikuwa na siku nyingi za kupanda, na kila mara wapo waliodhani bei imefika chini kabisa. Kiashiria hicho kilirejea kwenye kilele cha mwaka 2000 mwezi Aprili 2015, yaani baada ya miaka 15. Ikumbukwe kuwa hesabu ya hasara na hesabu ya kurejea hazilingani: hisa iliyoshuka kwa asilimia 50 inahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili kufika ilipokuwa, na iliyoshuka kwa asilimia 90 inahitaji kupanda mara 10.

Kinachofundisha zaidi ni yaliyozikuta kampuni mojamoja. Pets.com, iliyouza mahitaji ya wanyama wa kufugwa kupitia intaneti, iliingia sokoni Februari 2000 kwa dola 11 kwa hisa na kutangaza kufunga shughuli zake Novemba mwaka huohuo. Amazon nayo iliporomoka kutoka zaidi ya dola 100 hadi takribani dola 6 mwaka 2001, na kwa kuangalia bei peke yake mtu asingeweza kuzitofautisha kampuni hizo mbili. Tofauti ilikuwa kwenye vitabu vya hesabu. Amazon ilikuwa imekopa euro milioni 690 kwa njia ya hati fungani Februari 2000, muda mfupi kabla ya milango ya mikopo kufungwa, hivyo ilikuwa na fedha za kuendeshea biashara wakati wengine wakiishiwa. Robo ya mwisho ya mwaka 2001 ilitangaza faida yake ya kwanza, dola milioni 5 tu, lakini zilionesha kuwa biashara ile inaweza kujitegemea.

Cisco inatoa funzo jingine, ambalo pengine ni gumu zaidi kulikubali. Kampuni hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa na wateja, ilikuwa na faida na vifaa vyake vilibeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti duniani. Machi 2000 ilikuwa kwa muda kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote, hisa moja ikiuzwa kwa takribani dola 80. Miaka zaidi ya 20 ilipita bila bei hiyo kufikiwa tena, ingawa kampuni iliendelea kukua na kupata faida. Bei ya mwaka 2000 ilikuwa zaidi ya mara 100 ya faida ya mwaka kwa kila hisa, kiasi ambacho hata kampuni nzuri haiwezi kukihalalisha kwa muda mfupi. Hata aliyenunua baada ya bei kupungua kwa robo au theluthi bado alikuwa amenunua kwa bei ghali.

Ndiyo maana sababu ya kushuka ina uzito kuliko kiasi cha kushuka. Mwaka 2022 Nasdaq ilipoteza takribani theluthi moja ya thamani yake baada ya Benki Kuu ya Marekani kupandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4. Riba inapopanda, faida inayotarajiwa miaka kumi ijayo hupungua thamani leo, na kampuni za teknolojia, ambazo sehemu kubwa ya thamani yake ni matarajio, huumia kwanza. Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, ilishuka kwa asilimia 64 mwaka huo. Watumiaji wake walibaki, ikapunguza matumizi na wafanyakazi, na mwaka 2023 hisa yake ikakaribia kuongezeka mara tatu. Zoom, iliyopita dola 550 Oktoba 2020 watu walipokuwa wakifanyia kazi nyumbani kutokana na UVIKO-19, ilimaliza mwaka 2022 chini ya dola 70, na bei ile ya awali haijarudi kwa kuwa mazingira yaliyoizaa yamepita. Wahenga walinena kuwa rahisi ghali.

Afrika Mashariki haihitaji kwenda New York kulitazama jambo hili. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa, na wananchi wengi walikopa benki ili wanunue. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40, ikashuka hadi chini ya 15 mwaka 2023 huku kampuni ikibeba gharama kubwa za kuingia Ethiopia na wawekezaji wa kigeni wakiondoka, kisha ikavuka tena 20 mwaka 2025. Aliyenunua kwa akiba yake mwaka 2008 aliweza kusubiri na kupokea gawio. Aliyenunua kwa mkopo alidaiwa marejesho kila mwezi, na wengi wa aina hiyo waliuza kwa hasara hisa ileile ambayo baadaye ilipanda mara nane.

Kwa Mtanzania anayefikiria hisa za Marekani kuna jambo la ziada, nalo ni thamani ya fedha. Dola iliyonunuliwa kwa takribani shilingi 2,700 Oktoba 2024 ilikuwa na thamani ya takribani shilingi 2,400 Desemba mwaka huohuo. Hiyo ni hasara ya zaidi ya asilimia 10 kabla hisa yoyote haijayumba.

Lipo pia suala la nani anapokea fedha. Kila soko linapoyumba, makundi ya mitandaoni hujitokeza yakiahidi faida ya kila siku kutokana na hisa za akili mnemba, na mara nyingi nyuma yake hakuna hisa iliyonunuliwa. Nchini, shughuli za dhamana husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), ambayo ndiyo hutoa leseni kwa madalali na washauri wa uwekezaji. Jina la wakala lisipokuwemo katika orodha ya wenye leseni, hakuna haja ya kuendelea kuuliza kuhusu bei. Kwa hisa za ndani, ikiwemo Vodacom Tanzania iliyoorodheshwa Agosti 15, 2017 baada ya kuuzwa kwa shilingi 850, taarifa za fedha za kampuni huchapishwa hadharani, na biashara hufanyika kupitia madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam au kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani.