Bahasha Nene Haichujii Wavivu

Imeenea baina ya wenye makampuni madogo mjini Dar es Salaam dhana ya kwamba kadiri mwajiri aongezavyo masharti ya maombi ndivyo apatavyo mfanyakazi bora, kwa kuwa mvivu, wasemavyo wao, atachoka njiani na mwenye bidii atafika. Naipinga dhana hiyo bila ya kumung'unya maneno, maana ni ghururi iliyojivika joho la tahadhari.

Hebu tuitazame ofisi moja ya Mikocheni, katika zile nyumba za kuishi zilizogeuzwa ofisi, ambayo jumla ya watu wake hawajazi Hiace, nayo yatafuta mtunza stoo. Yataka barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti zenye muhuri wa wakili, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti na wadhamini watatu. Na baada ya taklifu hiyo yote, mwombaji hupewa fomu ajaze upya yale yale yaliyomo katika wasifu wake. Binti wa Mbagala atalipia nakala, atamlipa wakili, atatoa nauli ya kwenda na kurudi, na akifika, mlinzi ataipokea bahasha kwenye upenyo wa geti, aiweke juu ya nyingine, na habari yake ikome hapo. Aghalabu achokaye kwa mwendo huo si mvivu bali ni asiye na akiba. Ama mwenye mjomba humo ndani, huyo bahasha yake haijapata kuonekana getini.

Wataniambia kuwa vyeti vya kughushi vipo. Vipo, wala sikatai: uhakiki wa 2017 ulifichua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini hao waliajiriwa kwa karatasi hizo hizo, na kilichowaumbua hakikuwa karatasi nyingine, bali ni vyeti vyao kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Wala wasijifananishe na Uhamiaji, ambayo mwaka 2014 ilijaziwa Uwanja wa Taifa na watu zaidi ya 10,000 waliotaka nafasi 70. Chekeche kubwa hapo lilikuwa na udhuru wake.

Fauka ya hayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kinga ile ya kuachishwa kazi isivyo haki. Hiyo si ruhusa ya kudhulumu. Ila mwajiri aliyekwisha kupewa muda huo wa kumpima mtu kazini hofu yake ni ya nini? Na awaite wachache, awape daftari la stoo na shehena ya kuhesabu, awalipe ujira wa siku hiyo, kisha vyeti amdai yule mmoja aliyemchagua. Waliokosa nao wapigiwe simu, maadamu namba zao zimo katika barua, katika wasifu na katika fomu.