Bomba linalovuja hunywa uchafu

Umeme ukikatika ghafla kwenye kituo cha kusukuma maji, presha bombani hushuka kwa sekunde chache, na bomba lililokuwa likivuja huanza kufyonza. Maji ya mtaroni, hata ya chooni, huingia kupitia nyufa na maungio.

Mgao wa maji nao huacha mabomba bila presha; Dar es Salaam iliupitia mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua. Maji yakirudi, watu huogopa ile rangi ya kahawia, ambayo mara nyingi ni kutu. Vimelea vya kipindupindu havina rangi.

Mamlaka za maji zizibe mivujo upesi, hasa mabomba yanapokatiza mitaroni. Zipime klorini nyumbani kwa mteja, si mtamboni pekee. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Na wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa waziondoe leo: zinawavutia majirani zao uchafu.