Kazi ya Mungu Haina Makosa?

Hakuna kauli inayosikika misibani kwetu mara nyingi kama hii: "Kazi ya Mungu haina makosa." Huitamka mchungaji, huitamka kiongozi aliyekuja na rambirambi, huitamka jirani aliyekosa neno jingine. Sina ugomvi na jirani. Ninachokitilia shaka ni wepesi ambao sisi wengine tunaitumia, kwa kuwa humnyamazisha mfiwa na papo hapo humfichia aibu mtu asiyestahili kufichiwa.

Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kilitoka Bugolora kwenda Ukara, kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Ajuaye kujumlisha ataona kwamba waliozidi hawakupakiwa na malaika. Kusimama mbele ya majeneza yale na kuiita ajali hiyo kazi ya Mungu ni kumsingizia Mungu, na kwa imani yangu kumsingizia ni dhambi kubwa kuliko kumlalamikia.

Kumlalamikia, kwa kweli, kumeruhusiwa. Tunapenda kumtaja Ayubu wa sura ya kwanza, aliyepoteza watoto kumi kwa siku moja na bado akamhimidi Mungu. Kisha tunafunga kitabu, ilhali kina sura 42. Kuanzia sura ya tatu Ayubu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa na kudai kesi yake isikilizwe. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. (Laiti wangeishia hapo!) Walipofungua vinywa walianza kumtetea Mungu na kumtafutia mfiwa dhambi. Mwishoni Mungu anawakasirikia hao watetezi wake, na kusema kwamba aliyenena sawasawa ni Ayubu.

Yesu naye, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hata hivyo, leo wapo wahubiri wanaomwambia mama aliyezika mwanawe kwamba imani yake ilikuwa haba. Sijui wanaisoma Biblia ipi.

Wanafunzi waliofiwa katikati ya muhula huniuliza kama ni dhambi kumkasirikia Mungu. Mimi si kasisi; somo langu ni jingine kabisa. Huwaelekeza kwenye Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kuahidi kwamba kesho kutapambazuka. Lakini yote, mwanzo hadi mwisho, inasemwa kwa Mungu. Aliyeiandika hakuwa amempa Mungu kisogo. Alikuwa amemshika vazi na kukataa kumwachia. Ninamwona huyo kuwa mwamini kuliko mimi ninayeitikia "amina" kwa mazoea.

Ningetamani siku moja, katika mazishi ya ajali kama ile, zaburi hiyo isomwe yote bila kufupishwa. Tukae kimya kidogo. Kisha mchungaji, akiwa bado amevaa joho lake, awageukie viongozi walioketi mstari wa mbele na kuwauliza abiria wale walihesabiwa na nani.