Tarangire Haihifadhiki Ndani ya Tarangire Peke Yake

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ina kilometa za mraba 2,850, mto unaowanywesha wanyama kiangazi kizima, na askari wanaoilinda usiku na mchana. Lakini nyumbu wake wengi hawazalii humo. Mvua zikianza kunyesha, makundi ya nyumbu na pundamilia huuacha mto. Mengine hushika njia ya mashariki kwenda mbuga za Simanjiro, mengine hupanda kaskazini kupitia Kwakuchinja na Ranchi ya Manyara kuelekea upande wa Ziwa Natron. Wanayafuata majani mafupi yenye fosforasi, madini ambayo nyumbu mwenye mimba au anayenyonyesha hayapati ya kutosha kando ya mto. Kwa hiyo anayegawa ardhi Simanjiro ana sauti kubwa zaidi juu ya hatima ya nyumbu wa Tarangire kuliko mhifadhi aliye getini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumbu wa ikolojia hii walizidi 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki maelfu machache. Katika muda huo mpaka wa hifadhi haukusogea hata hatua moja. Ujangili ulichangia, hilo halina ubishi. Lakini mashamba yalipanuka, makazi yakaongezeka kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Babati, na mapito yakafungwa moja baada ya jingine, mengi kwa mihuri halali ya ofisi za umma.

Hapo ndipo lawama yetu ilipo. Nchi hii haina upungufu wa sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inampa Waziri mamlaka ya kutenga shoroba, yaani mapito ya wanyama, kwa kushauriana na mamlaka za mitaa, na kanuni zake zimekuwepo tangu 2018. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekabidhi ardhi mikononi mwa kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaeleza mpango unavyoandaliwa na nani auidhinishe. Mpango kazi wa taifa wa 2022 hadi 2026 umeorodhesha shoroba 61 na kuzipa 20 kati yake kipaumbele. Kinachopungua ni ofisa anayekubali kwamba kazi hii ni yake.

Mpango wa matumizi ya ardhi huandaliwa kijiji kwa kijiji, na kila kijiji huishia kwenye mpaka wake. Nyumbu haishii hapo. Kijiji kimoja kikitenga malisho na jirani yake akapima mashamba katika pito lilelile, wa kwanza amejinyima bure. Kulizuia hilo ni wajibu wa halmashauri ya wilaya, na mahali ambapo wilaya zinapakana, wajibu ni wa mkoa na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Kusema kijiji kiliamua chenyewe ni kukwepa. Kijiji hakina ramani ya ikolojia nzima. Halmashauri inaweza kuwa nayo, na ikiwa haina, imezembea.

Kinachotutia hofu zaidi ni kwamba madhara ya uzembe huu hayaonekani mapema. Mwaka 1996 mtafiti William Newmark alionyesha kwamba katika hifadhi za Tanzania zinazogeuka visiwa, zile ndogo ndizo zilizokuwa zikipoteza mamalia wakubwa kwa kasi zaidi. Mnyama hatoweki siku njia yake inapofungwa. Huendelea kuonekana miaka mingi, huku vizazi vikipungua, na aliyeidhinisha viwanja amekwisha kustaafu kwa heshima. Ndiyo maana uamuzi wa ardhi lazima upimwe kwa miaka hamsini, si kwa mwaka wa fedha.

Wala hatukubali kwamba gharama hii ibebwe na mfugaji peke yake. Ndama wa nyumbu hueneza virusi vinavyoua ng'ombe, hivyo Mmasai wa Simanjiro hulazimika kuondoa mifugo kwenye majani bora kabisa, tena wakati yanapokuwa bora. Hiyo ni hasara ya kweli. Katika kijiji cha Terrat, kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji kukilipa ili uwanda wake usilimwe, na ufugaji ukaendelea. Mfano huo unathibitisha kwamba mfugaji na nyumbu wanaweza kuwa upande mmoja, mradi anayefaidika na utalii alipe sehemu yake. Kuwahamisha watu kwa nguvu si mpango. Ni ushahidi kwamba mpango haukufanyika kwa wakati.

Halmashauri za Babati, Monduli na Simanjiro zinapaswa kuketi pamoja na wanavijiji, na kukubaliana juu ya ramani moja ya mapito. Mpaka ramani hiyo ipatikane, kusiwe na upimaji mpya wa mashamba wala viwanja ndani ya njia zinazojulikana. Wakala wa Barabara apewe sehemu za vivuko ili aweke matuta na kikomo cha mwendo kasi. Kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyamapori vilipwe ndani ya mwaka ambao madhara yametokea. Na kila muhtasari wa kikao kinachobadili matumizi ya ardhi ndani ya ushoroba ubandikwe hadharani kijijini, pamoja na majina na vyeo vya walioidhinisha.