Bomba la Choo Lisikadiriwe kwa Jicho

Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 katika shule za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, idadi ya watoto wanaoandikishwa nchini Tanzania imeongezeka, na pamoja nayo umeongezeka ujenzi wa vyoo vya shule. Wazazi wamechimba mashimo, wamesomba mawe na mchanga, na wamechangia saruji. Taarifa zinazofikishwa mbele ya vikao hutaja matundu: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25, kadhaa yamekamilika, kadhaa bado. Hesabu hiyo ni ya lazima na hatuna ugomvi nayo. Lakini kipo kipimo kimoja ambacho ni nadra kukisikia katika vikao hivyo, nacho ni upana wa bomba la hewa linalosimama nyuma ya choo.

Huenda wakawapo watakaosema kwamba bomba la choo si jambo la kujadiliwa katika safu hii. Sisi tunaona vingine. Nzi anayetoka shimoni na kutua juu ya uji wa mtoto hachagui mambo makubwa na madogo.

Katika vyoo vingi vya shimo tulivyovitazama, bomba lililowekwa ni la inchi mbili. Fundi akiulizwa sababu, hujibu kwamba ndivyo wafanyavyo mjini, na jibu lake si la uongo. Katika nyumba yenye choo cha kuvuta kwa maji, bomba la hewa la inchi mbili hutosha kwa choo kimoja, ijapokuwa bomba la kupitisha uchafu ni la inchi nne. Kazi yake huko ni nyepesi. Maji yanaposhuka kwa kasi huvuta hewa nyuma yake, na hewa isipopata njia ya kuingia, maji yaliyotuama katika mkunjo chini ya bakuli hunyonywa, na harufu ya shimo la maji machafu hupanda hadi chumbani. Bomba la inchi mbili huingiza hewa ya kutosha kuyaacha maji hayo mahali pake. Kinachozuia harufu na wadudu ni maji. Bomba ni mlinzi wa maji tu.

Choo cha shimo hakina maji ya kuzuia chochote, na bomba lake hutakiwa kufanya kazi iliyo kinyume kabisa, yaani kutoa hewa badala ya kuiingiza. Upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba huivuta hewa ya shimoni kwenda juu, na hewa safi ya chumbani hushuka kupitia tundu kuchukua nafasi yake. Hivyo harufu haipandi chumbani. Nzi wa nje huifuata harufu hadi kwenye mdomo wa bomba na kuzuiwa na wavu. Waliozaliwa shimoni huufuata mwanga unaoingia kwa juu, hukwama chini ya wavu huo huo, na hufia humo. Ndiyo maana chumba cha choo hiki hujengwa kiwe na giza kidogo: chumba kikiwa na mwanga mwingi, nzi watatokea tunduni.

Mpango huu haukubuniwa kwa kubahatisha. Ulifanyiwa kazi katika maabara ya utafiti ya Blair, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na mtaalamu Peter Morgan na wenzake. Mwaka 1975 walilinganisha vyoo viwili vya namna moja, kimoja kikiwa na bomba la hewa na kingine hakina. Katika siku 78 walinasa nzi 13,953 kutoka choo kisicho na bomba, na 146 tu kutoka chenye bomba. Baada ya uhuru wa mwaka 1980 Zimbabwe ilivieneza vyoo hivyo vijijini kote.

Lakini bomba linaloleta matokeo ya namna hiyo si la inchi mbili. Kipimo kilichopendekezwa baada ya majaribio ni inchi sita kwa bomba la plastiki, yaani milimita 150. Na likijengwa kwa matofali, nafasi ya ndani iwe milimita 230 kila upande. Kweli, mahali penye upepo wa nguvu wakati wote bomba la inchi nne huweza kutosha. Msomaji asidhani kwamba inchi sita ni mara tatu tu ya inchi mbili. Nafasi ya kupitisha hewa ni mara tisa, na bado hatujahesabu utando wa buibui, ambao katika bomba jembamba huziba njia yote, na katika bomba pana huondolewa kwa ndoo moja ya maji.

Tunafahamu kwamba bomba la inchi sita ni ghali, na kwamba kamati ya shule yenye fedha chache hutafuta pa kupunguza. Penye shida hiyo tofali lipo, na mafundi wa kulijenga wapo. Kisichokubalika ni kulipa fedha kidogo kwa kitu kisichofanya kazi, kisha kukiandika katika taarifa kuwa ni choo bora. Bomba la inchi mbili lenye kiwiko na kofia juu yake, halina wavu, na limeishia chini ya paa, ni pambo.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wananchi kuchimba choo, na ile ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, iliwahimiza kukiboresha. Watu wameitikia. Waliobaki nyuma ni wale wanaoandika mikataba. Tunawataka wahandisi wa halmashauri waandike upana wa bomba katika kila mchoro na kila mkataba, pamoja na wavu usiooza kwa jua wala kushika kutu, na urefu wa nusu mita juu ya paa. Nao maofisa wa afya, siku ya kukabidhi jengo, waje na ngazi na rula, wapande, wapime, ndipo watie sahihi.