DAWA YA WARIDI

Sisi watu wa reli tulidhani kuchuma waridi ni kazi ya starehe. Dada zetu wa Njiru waendao Athi River wametutoa ujinga. Ndani ya zile nyumba za plastiki mna joto kavu, na utitiri mwekundu hustawi humo, hufyonza jani kwa chini hata likawa manjano. Basi hupigwa dawa. Shamba moja, hatulitaji, huwarudisha wachumaji ndani dawa ingali haijakauka, tena bila glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka tajiri atoe vifaa vya kujikinga. Na kule Naivasha wako matajiri watumiao utitiri wa namna nyingine, alaye huo mwekundu, dawa ikapungua. Twataka kujibiwa kwa nini Athi River haiwezekani.